Siku ya Idi Tulipopanda Old Kampala na Watoto wa Dada

Mtakaosoma haya, mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache, zaidi nikiandika vitu vya kununua dukani. Ninaandika polepole, hata chai hupoa kabla sijamaliza sentensi mbili. Lakini kuna siku moja ninayotaka kuieleza, na kwa mdomo siwezi, kwa sababu mbele ya watu maneno hunikwama kooni.

Sisi ni Wanubi, tunakaa Bombo, kaskazini mwa Kampala. Babu zetu waliletwa Uganda kutoka Sudani wakiwa askari wa Wazungu, zamani sana, na walipofika Kampala walipiga kambi juu ya kilima ambacho leo kinaitwa Old Kampala. Bibi yangu hulisema jambo hilo kila Idi, baada ya kula, wakati hakuna anayeweza kuinuka. Idi iliyopita aliwatazama watoto wa dada yangu, wote watatu wameinamia simu moja, akasema, "Hawa wanajua kila kitu kilichomo humo ndani, lakini hawajui babu yao alilala wapi. Kesho tunakwenda."

Dada mwenyewe hakuweza kwenda. Alikuwa amejifungua mtoto wa nne na arobaini yake haijatimia. Kwetu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, wala haletewi habari za kumshtua, maana tunaamini maziwa hukatika. Mume wake ni dereva wa lori la Juba na Idi hiyo ilimkuta njiani. Kwa hiyo watoto wakawa mikononi mwangu na mwa bibi: msichana wa miaka minane, mvulana wa sita, na mdogo wao wa kike aliyekuwa na minne.

Huyo mdogo ndiye aliyeninyima raha tangu alfajiri. Hajui Kiganda, anajua Kinubi cha nyumbani na Kiswahili kidogo, na hana woga wa mtu yeyote. Dada alitusindikiza mpaka kwenye kizingiti cha chumba chake, akasimama hapo na mtoto mchanga begani.

"Mdogo usimwachie mkono," akaniambia.

"Simwachii."

"Unamjua lakini. Hata mbuzi akimwita anamfuata."

"Mbuzi wa Kampala wana shughuli zao," bibi akasema. "Rudi kitandani."

Kuna desturi moja lazima niieleze hapa. Kwetu watoto wa nyumba moja hushonewa nguo za Idi kutoka kitambaa kimoja. Bibi hununua mwenyewe, humpelekea fundi, na siku ya Idi watoto wote wanatoka wamefanana: gauni na mtandio kwa wasichana, shati kwa wavulana. Inapendeza, halafu inasaidia. Kwenye umati unatupa jicho mara moja tu, unahesabu, unajua wako wamekamilika. Bibi aliwalea watoto wake wote hivyo na hakupoteza hata mmoja. Mwaka huo alinunua cha kijani chenye maua ya njano. Alikipata kwa bei nzuri, na alijisifu nacho wiki nzima.

Jirani yetu anayepeleka vitunguu soko la Nakasero alitupakia kwenye gari lake. Njiani, tulipofika Bwaise, mvua ya usiku ilikuwa imeacha maji barabarani, watu wamekunja suruali na wengine wamebeba viatu mikononi. Watoto walifurahi sana kuyaona. Mimi niliyatazama yale maji meusi nikamwona mdogo ndani yake. Ndivyo nilivyo. Nikiona maji namwona mtoto ameanguka humo, nikiona ngazi namwona anaporomoka. Nilimshika mkono hata ndani ya gari, na milango imefungwa.

"Mama mdogo, unaniumiza," akasema.

Jirani alitushusha chini ya kilima, akasema atatungoja Nakasero mpaka alasiri, tukimaliza tumpigie simu.

Juu kwenye msikiti mkubwa kulikuwa na watu kama maharage kwenye gunia. Siku ya pili ya Idi watu wa Kampala huwapeleka watoto kutembea, na wengi walikuwa wamekuja kupanda mnara. Nje, barabarani, kulikuwa na wauza maputo, wauza sambusa, na kijana mmoja mwenye jumba la mpira lililojazwa hewa ambalo watoto hulipa wakaruke ndani. Alikuwa na kipaza sauti na hakikunyamaza. Bibi alisimama pale juu akatazama huku na huku. Hapakuwa na hema wala bunduki, lakini alinyanyua mikono akawaombea dua wale askari, kisha akakaa kwenye kivuli. "Magoti yangu hayaupandi mnara," akasema. "Nendeni."

Ngazi za mnara ule zinazunguka na kuzunguka. Mvulana alikimbia mbele, dada yake anamfuata, na mimi nyuma na mdogo, mkono wangu umeloa jasho. Wageni wengine walikuwa wanashuka, tukibanana ukutani. Kila hatua nilisema moyoni, sasa tu, sasa tu atateleza. Tulipofika juu, mzee mmoja anayewaongoza wageni alituonyesha vilima vya mji kwa kidole: Mengo kwenye kasri la Kabaka, Namirembe, Rubaga, Kasubi kwenye makaburi ya wafalme.

"Na cha babu zetu kiko wapi?" mvulana akamuuliza.

"Babu zenu akina nani?"

"Askari."

Yule mzee akacheka. "Umekisimamia, mwanajeshi."

Mvulana akatazama miguu yake. Sidhani kama maishani mwake amewahi kufurahi kiasi hicho. Mimi nilikuwa nimeshika mtandio wa mdogo kwa mkono mmoja na chuma cha dirisha kwa mwingine, na mji wa Kampala wote ulikuwa mbele yangu siuoni.

Tukashuka salama. Hilo ndilo lililonilegeza. Nilipoweka mguu chini nikasema Alhamdulillahi, hatari imekwisha.

Chini ndipo mahali pa viatu, tulipoviacha kabla ya kupanda. Mamia ya viatu, mamia ya watoto, kila mama anavuta mguu wa mtoto wake. Mvulana gidamu ya kiatu chake ilikuwa imekatika, nikainama kuifunga kwa kipande cha uzi. Nilipoinuka, mkono mdogo ukaingia mkononi mwangu, kama kawaida, wa moto na wenye jasho. Nikaushika. Bibi akaja kutoka kivulini, akatupa jicho.

"Mmoja, wawili, watatu. Twende tukale."

Tukashuka kilima. Nilikuwa natazama bodaboda, maana pale zinateremka kwa kasi na haziogopi mtu. Tukafika kwa kijana mmoja anayekaanga chapati na mayai chini ya mwavuli. Bibi akaagiza. Watoto wakakaa kwenye benchi, na kila mmoja akapewa yake ndani ya karatasi. Walikula kimya. Kisha yule mkubwa, msichana, akafuta mdomo, akasema kwa upole tu, kama mtu anayeuliza saa:

"Mama mdogo, na huyu tunakwenda naye Bombo?"

"Nani?"

"Huyu."

Nikatazama. Gauni la kijani, maua ya njano, mtandio wa kijani. Ndani ya mtandio kulikuwa na uso ambao sijawahi kuuona maishani mwangu. Mtoto mzuri, mashavu mazito, anatafuna chapati yetu.

Mafuta ya chapati yalikuwa yanalia kwenye kikaango, na sikusikia kitu kingine.

"Mbona hukusema?" bibi akamuuliza mkubwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nilidhani tunamsindikiza kwao."

"Na mwenzenu yuko wapi?"

"Sijui. Kwenye viatu alikuwepo."

Mwenye chapati aliweka chini kijiko chake. "Hajati," akamwambia bibi kwa heshima, kwa Kiswahili cha Kampala, "hii mutoto ni yenu ama si yenu?"

Yule mtoto aliona nyuso zetu, na nyuso zetu zilimtisha. Akaacha kutafuna. Halafu akalia kwa nguvu zote, "Maama! Njagala maama!" Kiganda hicho hata mimi nakijua: anamtaka mama yake.

Watu wakageuka. Mwendesha boda mmoja akazima injini.

"Nyinyi natoa wapi hiyo mutoto?"

Kila mtu wa Uganda anajua habari za wezi wa watoto, na anajua umati hufanya nini kabla ya kuuliza. Tulikuwa wanawake wawili wageni, na mtoto wa watu analia mikononi mwetu. Nilitaka kueleza. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Bibi ndiye aliyembeba yule mtoto mgongoni, licha ya magoti yake, akasema kwa Kiganda kilichonyooka, wote wasikie, "Tumebadilishana watoto kwenye viatu. Wetu amebaki huko juu. Anayetaka kujua kama nasema kweli atufuate, tena anisaidie kupanda."

Yule wa boda akatazama nguo za watoto wetu wawili, akatazama nguo ya yule mgongoni, akacheka. "Hajati, mumeshona mutaa muzima!" Lakini alitufuata kweli, akisukuma pikipiki yake taratibu nyuma yetu, na sikujua kama anatusaidia au anatulinda tusikimbie.

Katikati ya kilima simu yangu ikalia. Dada.

Nilimwonyesha bibi jina lake kwenye kioo. "Pokea," akasema. "Usipopokea atajua."

"Mko wapi?" dada akauliza. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

"Tuko hapa."

"Hapa wapi? Wamekula?"

"Wamekula chapati."

"Na mdogo? Mpe simu nimsikie."

Nilimtazama bibi. Alikuwa anahema, jasho linamtoka, na yule mtoto anamlilia shingoni. Akaninyang'anya simu.

"Amelala," akasema. "Nimembeba. Huyo unayemsikia ni mtoto wa watu. Utazungumza naye akiamka." Akakata.

Kila neno lilikuwa kweli kwa namna yake, ila lile la kwanza. Nilimwona dada kwenye kile chumba, ameweka simu chini, ametulia. Nikawaza, hivi ndivyo atakavyokuwa, ametulia hivyo hivyo, mpaka mtu amwambie.

Kwenye viatu hakuwepo. Nilitafuta nyuma ya nguzo, chini ya mabenchi, penye bomba la kutawadhia. Niliona kijani nikakimbia, nikavuta mtandio, uso mwingine. Nikaona kijani tena. Ndipo nilipofahamu yale maneno ya yule wa boda. Kile kitambaa alichokipata bibi kwa bei nzuri, nusu ya Kampala walikuwa wamekipata kwa bei hiyo hiyo.

"Yule mwenye kipaza sauti," bibi akasema. "Nenda."

Kijana wa jumba la mpira alinisikiliza huku akipokea pesa za watoto. Au niseme alinitazama, maana nilichomwambia hata mimi sikukisikia.

"Sista, mimi nauza kuruka, siuzi watoto. Sema kwa nguvu."

"Mdogo wetu amepotea," mkubwa akasema kando yangu.

Kijana akatutazama, kisha akamkabidhi yule mtoto wa miaka minane kipaza sauti chake. Nilimnong'oneza sikioni, naye akatangaza kwa Kiswahili na kwa Kiganda alichojifunza shuleni, jina la mdogo wake, miaka yake, na nguo yake: kijani, maua ya njano. Na kwamba tunaye mwingine ambaye si wetu.

Wanawake kila mahali waliwageukia watoto wao wa kijani, wakawavuta, wakawafungua mitandio. Mmoja alimgeuza wake kabisa akamtazama hata masikio. "Ni huyu," akasema, "ni wangu," kama aliyekuwa amekata tamaa. Wengine walikuja mbio kumtazama yule mgongoni kwa bibi. Walimtazama, wakatikisa kichwa, wakaenda. Hakuna aliyekuja kumdai. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Kama wenyewe hawamtafuti, basi hawajui. Na kama hawajui, wameshaondoka.

Mwanamke mmoja muuza sambusa akanigusa bega. "Kuna baba mmoja na watoto wengi wa nguo hiyo. Nimemwuzia sasa hivi. Ameshika njia ile, ya kwenda kwenye magari."

Nilimwambia bibi akae pale na watoto wote watatu, wetu wawili na yule. Sikungoja ajibu. Nilikimbia. Viatu vilinitoka nikaviacha. Nilipita katikati ya bodaboda zilezile nilizokuwa naziogopa, na huko chini, karibu na barabara kubwa, nikaona kijani. Wanne walikuwa wamesimama kwa mstari, na wa tano ameshakalishwa mbele ya pikipiki, juu ya tangi, ana chupa ya soda mikononi. Mtu mzima mwenye kanzu alikuwa anapatana bei na madereva wawili wa boda. Mmoja wao akawasha injini.

"Simama!" nikapiga kelele. "Simama! Huyo ni wangu!"

Mtaa mzima ulinigeukia. Yule baba akaweka mkono kifuani kwa mtoto, kumkinga.

"Wewe ni nani? Hawa ni watoto wangu."

"Mtazame!"

"Nimewahesabu, ni watano. Hata tangazo nimelisikia, nikahesabu tena, wako sawa. Nikasema maskini, watu gani hao wanapoteza mtoto siku ya Idi?"

"Mtazame uso!"

Akamwinamia. Akausukuma mtandio nyuma kwa kidole. Mdogo akamtazama, akanitazama na mimi, akasema kwa furaha, "Mama mdogo! Huyu baba ana soda!"

Yule baba akakaa chini. Kanzu nyeupe ya Idi, chini kabisa, vumbini. "Ya Allah," akasema. "Wangu yuko wapi? Yuko hai?"

"Anakula chapati," nikamwambia, na nikaanza kulia.

Tulipanda naye pamoja. Njia nzima alikuwa anasema peke yake: mke wake ana zamu hospitalini, leo ndiyo mara yake ya kwanza kuwatoa watoto wote peke yake, na mke alimwambia awahesabu kila baada ya dakika chache, naye amehesabu, Mungu shahidi, amehesabu mpaka amechoka. Mdogo nilimbeba. Alikuwa mzito, ananuka soda, na nilimbana mpaka akalalamika. Tulipofika, yule wao aliruka kutoka kwa bibi akamkimbilia baba yake, wakashikana. Mwenye boda alikuwa bado yupo. Alitikisa kichwa, akawasha pikipiki, akaenda zake.

"Hajati," yule baba akamwambia bibi, "nakuomba. Mke wangu asijue."

"Mimi nina wangu asiyetakiwa kujua," bibi akamjibu. "Nenda, baba. Nenda na ukawatazame nyuso."

Wakati huo simu ikalia. Kabla sijafikiri, mvulana akaipokea.

"Ameamka?" nikasikia sauti ya dada. "Nipe mdogo."

Akampa. Na mdogo, ambaye hajui kuficha kitu, akasema, "Mama, baba alininunulia soda. Tulikuwa tunapanda pikipiki twende kwake."

Dada akauliza, "Baba yupi?"

Bibi akaichukua simu, akasogea pembeni na kusema naye muda mrefu, mgongo wake ukiwa kwetu. Aliporudi alinipa simu bila kunitazama. "Nimemwambia yote," akasema. "Ni bora alie sasa, mtoto akiwa amepatikana."

Njia ya kurudi jirani alipiga hadithi za vitunguu peke yake. Nyumbani dada hakutungoja ndani. Alikuwa amesimama nje, uani, arobaini yake bado, na hakuna mwanamke yeyote wa nyumba ile aliyethubutu kumwambia arudi. Alimchukua mdogo, akakaa naye chini, akampapasa kichwa, mikono, vidole vya miguu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu kidogo. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulipomwona, alikuwa analia?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anakunywa."

Ndipo alipolia yeye. "Hata kunikumbuka hakunikumbuka," akasema.

Maziwa hayakukatika. Mtoto mchanga anazidi kunenepa. Mdogo anauliza kila Ijumaa kama tunakwenda tena Kampala kwa baba wa soda, na dada anasema Idi ijayo nitawapeleka mimi, kwa sababu hakuna mwingine anayemwamini hivyo. Analisema kama zawadi. Mimi nikilisikia mikono inatoa jasho.

Kwa hiyo nimeandika haya, kwa siku nyingi, kidogo kidogo. Wako miongoni mwenu waliolea watoto wengi na kuwatembeza mijini, sokoni na kwenye sherehe. Naomba mniandikie. Niambieni mliwezaje kuwashika mkono bila kuwaumiza, na kama ile hofu hupungua, au mtu huizoea tu akatembea nayo. Hata mwandiko ukiwa mbaya kama wangu, andikeni. Ninasoma polepole pia, lakini nitasoma yote, na Idi haijafika bado.